Kabla hujatia sahihi

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu, katikati ya habari za viza na makoti, uliniuliza kama hati ya nyumba bado iko kwenye sanduku la bati. Nikakujibu ipo, tukaendelea na mengine. Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Mdogo wako amenieleza yaliyobaki, na usimkasirikie, mimi ndiye niliyembana. Kumbe rafiki yako anatafuta mkopo wa kufungulia duka la dawa, na wewe, siku kumi kabla ya kupanda ndege kwenda Uholanzi, unataka kumdhamini.

Usitie sahihi. Nalisema mapema ili hata ukiishia hapa uwe umelisoma.

Najua utaniambia huyo ni zaidi ya ndugu, na kweli ni zaidi ya ndugu. Nashukuru Mungu kwamba nimezaa mtoto asiyemkimbia mwenzake. Lakini hebu kitoe tena *Mabepari wa Venisi*, kile kitabu cha mchezo wa Shakespeare alichotafsiri Mwalimu Nyerere, cha mwaka 1969, ambacho mama yako alikishona mgongo kwa uzi wa gunia. Kipo kwenye begi lako dogo, nilikitia mwenyewe. Antonio hakukopa kwa shida yake. Mwenye shida alikuwa Bassanio, aliyetaka dukati 3,000 aende Belmont kumposa Portia huku akionekana mtu mwenye uwezo. Mali yote ya Antonio ilikuwa baharini, kwa hiyo akajifunga yeye kwa mkopeshaji Shylock, miezi mitatu, na asipolipa akatwe ratili moja ya nyama ya mwili wake.

Wanafunzi wangu wote walikuwa wakiikumbuka hiyo nyama. Mimi nakuomba usome mistari iliyo karibu nayo. Bassanio mwenyewe anamkataza rafiki yake asijifunge kwa mkataba wa namna ile kwa ajili yake. Antonio ndiye anayemtuliza: asiogope, ndani ya miezi miwili meli zitakuwa zimerudi na mali inayozidi deni mara tisa. Hakuwa mjinga yule. Alikuwa mtu mwema anayehesabu meli ambazo hazijatia nanga. Na wewe meli yako ni posho ya masomo ambayo hujaipokea hata ya mwezi mmoja.

Wala sikufundishi kumchukia mkopeshaji. Shylock alikuwa ametemewa mate na Antonio huyo huyo, akaitwa mbwa kwa kuwa ni Myahudi, kisha siku ya dhiki mlango waliokwenda kuubisha ni wake. Na wanavyomlazimisha abadili dini mwishoni sikuwahi kupenda, sipendi hadi leo. Mwalimu alipoweka neno mabepari, kwa wingi, naona hakumbakiza mtu.

Huku mtaani mikopo hii inaitwa kausha damu, unajua. Kitabuni Portia alivaa mavazi ya mwanasheria akamwokoa Antonio kwa hoja moja: nyama chukua, lakini tone la damu lisimwagike, maana damu haimo kwenye mkataba. Hapa kwetu damu imeandikwa tangu kwenye jina. Usitie sahihi, mwanangu.

Kile kiwanja cha Kihonda, penye fremu za maduka, ambapo daladala ikipita mama yako hugeuza uso upande wa pili. Hakikuuzwa kwa ajili ya matibabu ya bibi. Nilimdhamini mwalimu mwenzangu. Nilitia sahihi mezani kwangu ofisini, madaftari ya Kidato cha Tatu yakiwa yamerundikwa pembeni, na humo kwenye madaftari wanafunzi walikuwa wamejibu swali nililowapa mimi: je, Antonio alikosea wapi? Niliwasahihisha jioni ile ile. Na mwaka ule uliokaa nyumbani, nilikwambia barua ya shule imechelewa. Haikuchelewa. Ada ndiyo haikuwepo. Mama yako aliuza cherehani yake mwaka uliofuata ndipo ukarudi darasani, na hakuwahi kunisema mbele yenu.

Basi, ukifika Wageningen na ukapata siku ya mapumziko, panda treni uende Amsterdam, mtaa wa Jodenbreestraat. Kuna nyumba ya Rembrandt, yule mchoraji wa zamani wa Kiholanzi, sasa ni makumbusho. Aliinunua mwaka 1639 kwa gulda 13,000, akiwa na jina kubwa na kazi tele, akaamini michoro ijayo itamlipia. Hakumaliza kuilipa. Mwaka 1656 akatangazwa mufilisi, karani akapita chumba kwa chumba akiandika kila kitu, vipengele 363, hata mashati na leso zilizokuwa zimepelekwa kufuliwa. Nikisoma habari za hizo leso huwa nafunga kitabu kwanza. Nyumba ikanadiwa mwaka 1658.

Halafu nenda makumbusho ya Rijksmuseum, hapo hapo Amsterdam, ukamwone alivyojichora mwaka 1661, kama Mtume Paulo. Amevaa kilemba, karatasi mikononi, mpini wa upanga umechomoza kwenye joho. Tazama paji la uso. Nyusi zimepanda, mikunjo imejipanga, na hakujiongezea uzuri wala kujitia huruma. Ile picha iko kwenye kile kitabu changu kikubwa, lakini imepauka. Wewe itazame yenyewe, usimame hapo muda mrefu. Nadhani mtu anayeweza kujitazama hivyo baada ya kunadiwa hadi vitanda amejua jambo ambalo mimi nimechukua miaka kulikaribia.

Ila linaloniuma ni habari ya mwanawe, Titus. Mwaka 1660, kijana wa miaka 19, yeye na Hendrickje aliyekuwa akiishi na baba yake waliandikisha biashara ya picha, baba akawa kama mwajiriwa wao, ili wadai wasichukue kila anachochora. Titus akafa mwaka 1668, baba akamfuata mwaka uliofuata. Kijana aliubeba mzigo usio wake. Wewe umeshabeba wangu mwaka mzima bila kuambiwa. Huu wa rafiki yako usiubebe.

Kama una chochote, mpe. Mpe kama zawadi, hata laki mbili, usiidai tena. Mimi nitakuongezea nikipata pensheni. Lakini jina lako usiliandike kwenye karatasi.

Tangi la maji limepata ufa, fundi anataka 80,000, nimemwambia asubiri. Presha ya mama yako imeshuka, ila chumvi haachi. Koti amelipata mtumbani, zito kweli, zipu ndiyo mbovu. Litakuwa tayari Jumatano. Kile kitabu cha Mwalimu usikitoe begini ukaweka dagaa. Dagaa wana begi lao.

Nipigie kabla ya Alhamisi. Usitume ujumbe, piga, nikusikie kwa sauti yako ukisema hujatia sahihi. Hati haimo tena kwenye sanduku la bati. Nimempa mama yako aiweke, na mimi mwenyewe sijamuuliza ameiweka wapi.

Baba yako