Kabla Hujanunua Sungura

Thika, Jumapili jioni

Mwandani wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, watoto wazima. Barua yako niliipata Alhamisi na nimeisoma mara tatu. Unasema mkopo wa sacco umepita na wote utauweka kwenye sungura, kwa kuwa anayekuuzia sungura wa kuzalisha ameahidi kuwanunua watakaozaliwa. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri.

Unakumbuka nilifuga kware, lakini yote sikuwahi kukueleza. Niliona haya.

Ulikuwa mwisho wa mwaka 2013. Kila ulipokaa, habari ni kware: eti mayai yake yanatibu presha, sukari, pumu. Kwa vile ndege huyo alihesabiwa wa porini, ilibidi kuomba leseni ya KWS, shirika la wanyamapori, na nilipoona tulivyo wengi tunaoitafuta nilipata moyo. Nikanunua ndege 120. Nikanunua na mashine ya kuangulia kwa shilingi 45,000, maana kware wa kufugwa haatamii. Vifaranga wake ni wadogo mno, hata kwenye vyombo vya maji tuliweka kokoto wasizame. Niliwapenda, dada. Alfajiri nilikuwa naamka kuwatazama kabla ya kwenda shuleni kufundisha.

Januari yai moja nililiuza shilingi 80. Machi likawa 30, Aprili 10, na Juni hata kwa shilingi 5 hakuna aliyelitaka. Hapo ndipo nilipofungua daftari langu la mauzo. Mayai ya kuangua niliyauza ghali kuliko ya kula, kwa hiyo kando ya kila mteja nilikuwa nimeandika anayataka ya nini. Nikahesabu. Wateja 41. Wa kula walikuwa wanne, na wawili kati yao ni jamaa zangu. Wale 37 wote walitaka kuangua wauze, kama mimi.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18, na kifaranga huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba hivi. Niliyemuuzia Januari, mwishoni mwa Machi alikuwa na mayai yake, naye anatafuta wa kumuuzia. Kila shilingi niliyopokea ilikuwa inanizalia mshindani. Na majirani hawakuwa na haja na mayai yale: yai la kware lina gramu kama 10, itabidi uvunje matano upate sawa na moja la kuku. Habari hiyo yote ilikuwa kwenye daftari tangu Januari, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nami nilikuwa nasoma safu ya pesa tu.

Kosa la pili lilinigharimu zaidi. Mwalimu mwenzangu alikuwa amenidhamini kwenye mkopo. Aprili nilijua mambo yameharibika, lakini nikifunga banda atajua, basi nikaendelea kununua chakula cha ndege hadi Septemba. Nikimwona sokoni napita njia nyingine. Siku niliyojikaza kwenda kwake aliniambia, "Nilikuwa nakungoja uje tupange." Tukapanga usiku huohuo. Mashine niliiuza 12,000. Deni nilimaliza kulipa 2017. Ile miezi mitano ya kujificha ndiyo inayoniuma hadi leo, kwa sababu pesa iliyoliwa na ndege ingepunguza deni, na yeye hakustahili kukimbiwa.

Sasa nina kuku wa mayai 60. Kabla sijanunua hata mmoja, niliongea na vijana wawili wa hapa stendi wanaouza mayai ya kuchemsha na kachumbari. Mayai wanayochukua asubuhi yanaliwa jioni, na kesho wanarudi.

Basi niambie, hao sungura mwishowe anawala nani? Mwombe huyo muuzaji akupeleke kwenye bucha au hoteli iliyochukua nyama mwezi uliopita. Akikupeleka kwa wafugaji wenzako tu, jua uko nilipokuwa mimi Januari ile. Na sungura hubeba mimba mwezi mmoja tu, tena huzaa wengi kwa mpigo. Kama wanaonunua ni wafugaji peke yao, watajaa haraka kuliko walivyojaa kware. Na wadhamini wako, wameelezwa pesa inaenda wapi? Waeleze sasa, ungali na amani nao.

Shule zikifungwa Agosti nitashuka Mombasa. Twende Kongowea pamoja, tupite bucha moja baada ya nyingine, tuulize nani anauza nyama ya sungura na kwa wiki zinatoka kilo ngapi. Daftari nitakuja nalo, bado ninalo. Tafadhali dada, mpaka nifike, pesa hiyo usiitoe.

Msalimie sana mama.

Ni mimi wako wa dhati