Mapochopocho yanayokubali kusubiri

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba mwaka huu sherehe ya familia itafanyika nyumbani kwako. Umeniomba nikusaidie kuchagua vya kuwaandalia wageni ishirini hivi, ukaniwekea na orodha ya vitu kumi na viwili. Nimeipitia yote. Kabla hatujafika kwenye vipimo, nakuomba uikate nusu.

Sisemi hivyo kwa sababu ya gharama. Itazame tena utaona kwamba vingi katika orodha hiyo ni vya kukaanga, kuchoma au kupamba wakati wageni wameshaketi. Maana yake wewe utakuwa jikoni, vicheko unavisikia kwa mbali, na watu waliokuja kukuona wataondoka hamjazungumza. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walimhesabu na mwenyeji katika furaha hiyo. Ndiyo maana mimi, nikichagua chakula cha sherehe, swali langu la kwanza ni kama kinakubali kusubiri. Na vingi vya sikukuu vinakubali; vingine ndiyo kwanza vinanoga vikilala.

Keki ya matunda makavu, kwa mfano. Hii ioke wiki moja au mbili kabla. Chukua zabibu kavu, tende zilizokatwakatwa na matunda mengine makavu unayoyapenda, jumla gramu 500, uyaloweke usiku kucha katika chai ya rangi iliyo moto au juisi ya machungwa. Usiiruke hatua hii: matunda makavu yasipolowekwa yatajitafutia unyevu ndani ya keki yenyewe, na keki itakauka. Asubuhi yachuje. Piga siagi gramu 200 na sukari ya kahawia gramu 200 mpaka zilainike na kuwa nyepesi, ongeza mayai 4 moja baada ya jingine, kisha unga wa ngano gramu 225 uliochekechwa pamoja na kijiko kimoja cha chai cha beking poda, mdalasini, kungumanga na karafuu kidogo sana. Matunda yaingie mwisho. Tandika chombo cha kuokea karatasi mara mbili, kwa sababu keki hii inakaa sana motoni: nyuzi 150 za Selsiasi, kama saa mbili, mpaka kijiti ulichokichoma katikati kitoke kikavu.

Iache ipoe ndani ya chombo chake, uifunge kwa karatasi ya kuokea kisha foili, uiweke kwenye kopo lenye mfuniko. Kukiwa na joto kali, iweke kwenye friji. Ukiionja siku ya kwanza utaona karafuu iko mbali na zabibu, kila kitu kinasema peke yake. Siku zinavyopita, unyevu wa matunda unatembea kwenye keki, na harufu ya viungo, ambayo kwa sehemu kubwa huyeyuka katika mafuta, inasambazwa na siagi taratibu. Keki ya tangawizi iliyotiwa asali haihitaji kungoja kiasi hicho. Siku mbili zinatosha. Uso wake ukianza kunata, ujue iko tayari.

Biskuti za siagi nazo zina kanuni ambayo huhitaji kuiandika popote: sukari sehemu 1, siagi 2, unga 3, kwa uzani. Yaani gramu 100, 200 na 300, na chumvi kidogo. Changanya mpaka vishikane tu, basi. Unga wa ngano ukikandwa sana hujenga utando unaovutika, ambao unaupenda kwenye mkate lakini kwenye biskuti unaleta ugumu. Viringisha donge liwe mche mrefu, lifunge, liweke kwenye friji angalau nusu saa. Au ligandishe kabisa. Litakaa mpaka miezi mitatu, na siku ukilihitaji unakata vipande vya unene wa sentimita 1 na kuvioka kwa nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 20. Donge lililo baridi haliachii umbo lake kwa sababu siagi inachelewa kuyeyuka. Vitoe kingo zinapoanza tu kubadilika rangi. Vitakuwa laini, usishtuke ukavirudisha motoni; vinakauka vikipoa. Iliki iliyotwangwa inazipendeza sana biskuti hizi, na ganda la limau lililokwaruzwa pia.

Sasa karameli. Hapa nitakaa kidogo, maana ni kitu ninachokipenda kuliko vyote katika orodha yako na ndicho ulichoandika kwamba unakiogopa.

Tafuta sufuria nzito, kubwa kuliko unavyodhani inahitajika, yenye rangi nyeupe au ya kung'aa ndani ili uione rangi ya sukari. Tia sukari gramu 200 na maji vijiko 4 vya chakula, itikise mpaka sukari yote ilowe, iweke kwenye moto wa wastani. Kisha uache mwiko mezani. Ukikoroga, chembe za sukari zitapanda kwenye kuta za sufuria, na chembe moja ikirudi ndani inatosha kuigandisha sukari yote iwe kama mchanga. Zile zinazoruka pembeni zifute kwa brashi iliyoloweshwa maji. Matone machache ya limau yanasaidia pia: asidi huivunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, na hizo zikiwamo, kuganda kunakuwa kugumu.

Baada ya hapo kazi yako ni kutazama. Mwanzoni mapovu ni mepesi na yanapasuka haraka. Maji yakishapungua, yanakuwa makubwa na mazito, yanapasuka polepole, na sauti ya sufuria inashuka. Kisha rangi inaanzia pembeni, njano hafifu, na hapo unaruhusiwa kuishika sufuria na kuizungusha taratibu ili rangi ienee. Njano inakuwa ya asali, asali inakuwa ya shaba. Usiogope shaba. Wengi huitoa karameli ikiwa bado ya njano, ndiyo maana inakuwa tamu tu bila ladha nyingine. Uchungu kidogo ndio unaoifanya mtu aombe tena. Ukiona moshi mwembamba unaanza kuinuka, hapo iko karibu nyuzi 180. Toa motoni papo hapo, kwa kuwa kutoka shaba kwenda kuungua ni suala la sekunde.

Mimina krimu mililita 150 uliyokwisha kuipasha moto, kidogo kidogo. Itafura na kupiga kelele. Ndiyo maana nilisema sufuria kubwa. Krimu ya baridi ingeifanya iruke zaidi na sukari igande mabonge. Ongeza siagi gramu 60 na nusu kijiko cha chai cha chumvi, sasa koroga upendavyo. Zuhura, nakusihi, watoto wasiwepo jikoni wakati huo. Sukari ya namna hii ina joto kupita maji yanayochemka na inang'ang'ania ngozi, kwa hiyo inaunguza vibaya. Ikipoa, itie kwenye chupa safi, iweke kwenye friji. Itakaa wiki mbili. Siku ya sherehe ipashe moto kidogo tu, uimwagie juu ya keki ya tangawizi, au uiweke kwenye bakuli na vipande vya matunda pembeni watu wachovye wenyewe.

Ukila machungwa siku hizi za maandalizi, usitupe maganda. Ya machungwa manne yanatosha. Yakate vipande vyembamba, uyachemshe mara tatu, kila mara ukimwaga maji na kuanza na mengine ya baridi. Uchungu mwingi wa ile nyama nyeupe ya ndani unaondoka na maji hayo. Halafu yapike katika sukari gramu 200 na maji mililita 200, moto mdogo sana, kwa muda wa dakika 45 hivi. Inua kipande kimoja ukitazame kwenye mwanga. Kikiwa kinapitisha mwanga, rangi ya chungwa imeng'aa na ule weupe umetoweka, kimeiva. Yaanike kwenye wavu usiku kucha, yagaragaze kwenye sukari, na ukitaka yachovye nusu kwenye chokoleti iliyoyeyushwa. Chokoleti iyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto bila kuyagusa, na uangalie lisiingie hata tone la maji, maana litaifanya ishikane na kuwa ngumu.

Na yale maji ya sukari yaliyobaki sufuriani ndiyo msingi wa kinywaji chako. Yana harufu ya chungwa tayari. Ongeza maji ya limau na vipande vya tangawizi, yaweke yapoe kabisa, na maji ya gesi uyatie wageni wakiwa mlangoni. Kinywaji kilicho baridi hushika gesi kuliko cha vuguvugu. Barafu igandishe kwenye bakuli moja kubwa, ndani yake ukitia vipande vya matunda. Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya uzito uleule, kwa hiyo kinywaji hakitapooza ladha kabla ya saa ya pili.

Matunda mabichi nayaona yamekuja mwisho kwenye orodha yako, mimi ningeyapandisha juu. Tunda lililo kwenye msimu wake halihitaji upishi. Ila kuna jambo la kujua unapokwenda kununua. Embe, parachichi, ndizi na peasi huendelea kuiva baada ya kuchumwa, basi yanunue siku nne au tano kabla yakiwa magumu, uyaweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu. Gesi ya ethilini inayotoka kwenye ndizi itayaharakisha. Nanasi, zabibu, machungwa na stroberi hayaongezi utamu yakishachumwa. Hayo nunua karibu na siku yenyewe, na uombe kuonja kwanza.

Kwa upande wa chumvi, korosho na lozi za viungo zinatosha kuwapokelea watu. Piga ute wa yai moja mpaka utoe povu, changanya na gramu 400 za korosho na lozi, sukari gramu 80, chumvi, mdalasini na pilipili ya unga, tandaza kwenye trei, oka nyuzi 150 kwa dakika 25 hadi 30 ukigeuza katikati. Zinakauka zikipoa. Watoto wasiotimiza miaka mitano usiwape nzima, zinaweza kuwakaba. Na waulize wageni mapema kama kuna asiyepatana na karanga, korosho, lozi, maziwa, mayai au ngano; ujumbe mfupi wa simu unatosha.

Chakula chenyewe kizito kiwe kimoja, cha sufuria moja: nyama iliyopikwa taratibu katika mchuzi mzito, jana yake. Mchuzi wa namna hiyo ukilala unakolea. Usiuache sufuriani usiku kucha. Ugawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina ili upoe upesi, uingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake uchemke kweli, moto ufike mpaka katikati. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka wazi: bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Mezani toa sahani ndogo ndogo, ujaze tena kila zinapokwisha. Sinia moja kubwa inayokaa nje tangu mchana hadi usiku, hapana.

Kuhusu ile keki ya ghorofa tatu ya krimu uliyoiandika kwa wino mwekundu, ushauri wangu ni uiache safari hii. Krimu iliyopigwa haivumilii joto la chumba kilichojaa watu, na utaipamba saa ileile unayotakiwa kuwa unaoga. Vya kukaanga navyo chagua kimoja tu, kile ambacho watoto wako wangelalamika wasipokiona, na umpe kazi hiyo mtu mwingine. Shemeji anaweza, nimemwona akipika.

Kwa hiyo keki ya matunda uanze nayo wiki hii, mche wa biskuti uugandishe wakati wowote ukipata nafasi, karameli na maganda yaje siku chache kabla. Niandikie ukishaamua nyama ya aina gani, nami nitakutumia vipimo vya mchuzi kwa watu ishirini. Na uniambie kama oveni yako bado inaunguza upande wa nyuma; kama ndivyo, keki uigeuze baada ya saa moja na nusu, si kabla, isije ikabonyea katikati.

Mama nisalimie sana, mwambie nimemkumbuka.

Ni mimi rafiki yako,
Mwanaidi