Ufunguo Mmeufungia Ndani: Malalamiko Kuhusu Kuingia na Kurejesha Akaunti

Mafundi simu na wahudumu wa vibanda vya intaneti,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Kwa: Mkuu wa Kitengo cha Huduma kwa Wateja.
Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Mifumo.

YAH: WATEJA KUSHINDWA KUINGIA NA KUREJESHA AKAUNTI ZA MANUNUZI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mteja wa duka lenu la mtandaoni akifungiwa nje ya akaunti yake haji kwenu, maana kwenu hakuna pa kubisha hodi. Huja kwenye meza zetu, simu mkononi. Matatizo ni yaleyale kila siku, na mengi hayatokani na uzembe wa mteja. Tumeyajaribu moja baada ya jingine, kwa kivinjari na kwa programu yenu ya simu, kwa akaunti tulizozifungua kwa ajili hiyo, na tunayaeleza hapa kiasi cha kumwezesha mtu wenu wa mifumo kuyarudia na kuyaona kwa macho yake.

Kubwa kuliko yote ni hili: mfumo wenu unaamini kwamba namba ya simu ndiyo mtu.

Mchukueni mteja ambaye hana tena laini aliyojisajilia. Anafungua ukurasa wa kuingia, anabonyeza "Umesahau nywila?", anaandika namba yake, na mfumo unatuma tarakimu sita za uthibitisho kwenye laini ambayo hanayo. Chini yake kuna maandishi madogo: "Sina tena namba hii." Akiyabonyeza anapelekwa kwenye ukurasa wa kubadili namba. Ukurasa huo unamtaka kwanza aingie kwenye akaunti. Akienda kuingia anaambiwa kifaa ni kipya, athibitishe kwa tarakimu sita zilizotumwa kwenye namba ileile. Hakuna njia ya tatu. Anwani ya barua pepe mliyomlazimisha aiandike siku ya kujisajili, mkamtumia na kiungo cha kuithibitisha, haiulizwi popote katika safari hii. Kazi yake imebaki kupokea matangazo ya ofa za mwisho wa mwezi, na hayo hayajawahi kukwama hata mara moja.

Msituambie kwamba kupoteza namba ni jambo la nadra. Laini ikikaa miezi kadhaa bila kutumika hufungwa, na namba hurudi sokoni. Wapo waliopoteza namba tangu Januari 2020, zilipoanza kuzimwa laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Wapo mpaka leo wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa vidole vya mtu mwingine: mama anatumia laini ya mwanawe, simu inaibiwa Mbagala, mwana yuko Mwanza, na kurenew laini hakuwezekani mpaka mwana aende mwenyewe kuweka kidole. Wapo walio Muscat na Dubai wanaonunua vitu kwenu vikapelekwa nyumbani kwa wazazi; laini ya Tanzania iko kwenye droo na ujumbe haumfikii mtu akiwa huko. Wote hawa wana risiti, wana barua pepe, wanajua walinunua nini na lini. Hakuna anayewauliza.

Sasa geuzeni upande wa pili wa sarafu hiyohiyo, maana ndio unaotutia hofu zaidi. Namba iliyofungwa imeuzwa kwa mtu mpya. Mtu huyu, bila nia yoyote mbaya, anataka kujisajili kwenu. Anaandika namba yake na mfumo unamjibu: "Namba hii tayari ina akaunti." Anadhani labda aliwahi kujisajili akasahau. Anabonyeza "Umesahau nywila?", tarakimu sita zinaingia kwenye simu yake, anaweka nywila mpya, na yumo ndani. Anaona jina la mwenyewe, mtaa anakopokelea mizigo, oda za miaka iliyopita, na salio la pochi, yaani pesa zilizo ndani ya akaunti, analoweza kulinunulia kitu papo hapo. Mwenye akaunti hapati taarifa yoyote, hata kwa ile barua pepe. Mfumo uleule uliomkatalia mwenye mali umemkaribisha mgeni sebuleni.

Dawa yake si ngumu. Namba ambayo haijatumika kuingia kwa muda mrefu, tuseme miezi sita, isitoshe peke yake kubadili nywila. Iombwe na ushahidi wa pili. Nywila ikibadilishwa, taarifa iende kwenye barua pepe, vifaa vingine vyote viondolewe kwenye akaunti, na pochi isiguswe kwa saa 72. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu utambulisho wa kidijitali, iliweka uthibitisho kwa ujumbe mfupi katika kundi la njia zinazotumika kwa masharti, moja ya sababu ikiwa ni hiihii ya laini kuhama mkono. Hatusemi muache SMS. Kwa mwenye kitochi hakuna kingine. Tunasema isiwe kufuli pekee.

Tuje kwenye SMS yenyewe. Tarakimu zenu zinadumu dakika tatu. Mtandao ukielemewa jioni, ujumbe unaweza kuchukua zaidi ya hapo. Mteja akiona kimya anabonyeza "Tuma tena", na hapo ndipo anapojimaliza: kila ujumbe mpya unaua ule wa kwanza, lakini ujumbe hauji kwa mpangilio. Wa kwanza unaingia, anauandika, anaambiwa si sahihi. Anabonyeza tena. Akikosea mara tano anafungiwa saa 24. Na kuna jambo ambalo hamkuliandika popote: akijaribu kuingia ndani ya saa hizo, hata mara moja, hesabu ya saa 24 inaanza upya. Mtu anasubiri saa 23, anajaribu "labda imefunguka", kumbe ameianza siku nyingine. Acheni tarakimu zidumu dakika kumi, ombi la pili lilete tarakimu zilezile ikiwa muda wake haujaisha, na anayefungiwa aoneshwe muda uliobaki. Kikomo cha majaribio matano kibaki. Hicho kinazuia wezi wanaobahatisha.

Halafu kuna kile kikapu. Ujumbe wenu unaanza na kikaragosi (emoji) cha kikapu cha manunuzi. Kinapendeza, ila kinagharimu. SMS ya herufi za kawaida hubeba herufi 160. Ukiweka alama moja tu iliyo nje ya herufi hizo, kama kikaragosi, nafasi inashuka hadi 70, na ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67. Ujumbe wenu unakuwa vipande viwili, na tarakimu mmeziweka mwishoni, yaani kwenye kipande cha pili. Kipande hicho kikichelewa, simu nyingi hazioneshi kitu mpaka viwili vikutane. Vitochi vingine vinaonesha cha kwanza peke yake, salamu na jina la duka tu. Ondoeni kikapu, wekeni tarakimu mwanzoni, na mtalipia ujumbe mmoja badala ya miwili.

Na hiyo "halali hadi saa 10:05" iliyo kwenye ujumbe huohuo mmeiandika kwa Kiswahili kwa saa ya nani? Kwa msomaji wa Kiswahili saa kumi na dakika tano ni jioni au alfajiri. Mteja wa asubuhi anaamini ana siku nzima. Andikeni "kwa dakika 10", basi.

Namba za simu zinaandikwa kwa namna nyingi nanyi mnaamini ni moja. Kwenye tovuti, kisanduku tayari kina +255, na mteja kwa mazoea anaandika 07 na kuendelea. Tovuti inakubali na kuhifadhi +255 ikifuatiwa na sifuri, namba ambayo haipo duniani. Programu ya simu, kinyume chake, inakata hiyo sifuri. Matokeo yake mtu mmoja ana akaunti mbili, oda ziko kwenye moja na yeye anaingia kwenye nyingine, kisha anakuja kulalamika kwamba "oda zimefutwa". Tukikuta historia ya oda ni tupu, jambo la kwanza tunalojaribu ni kuingia kupitia tovuti kwa kuandika sifuri. Mara nyingi oda ziko huko. Mfumo ungeondoa nafasi, alama ya kujumlisha, 00, 255 na sifuri ya mwanzo, kisha ukadai tarakimu tisa kamili, tatizo lingeisha siku hiyohiyo. Akaunti pacha zilizopo mziunganishe nyinyi wenyewe, kwa ridhaa ya mwenyewe.

Waliojisajili kwa "Endelea na Google" hawana nywila kwenu, lakini wengi hawakumbuki walijisajili vipi. Wakiomba nywila mpya wanaambiwa: "Kama akaunti ipo, tumetuma kiungo." Hakitumwi kitu. Tunaelewa kwa nini ukurasa hausemi kama akaunti ipo au haipo, maana mwizi angeutumia kuchambua anwani za watu, na hapo mko sahihi. Lakini barua pepe humfikia mwenye anwani peke yake. Mtumieni barua inayosema akaunti yake hufunguliwa kwa Google, na kiungo cha kumpeleka huko. Hakuna siri itakayovuja.

Kwa wale wanaopata kiungo, kinatumika mara moja, jambo ambalo ni zuri, ila kinahesabiwa kimetumika mara tu kinapofunguliwa. Mifumo ya ulinzi ya barua pepe za ofisini hufungua viungo kuvikagua kabla mtu hajaviona. Mteja akibonyeza anakuta "Kiungo kimekwisha muda", dakika moja baada ya kukipokea. Kiungo kifungue ukurasa wenye kitufe, na kihesabiwe pale tu nywila mpya inapohifadhiwa. Kwenye ukurasa huohuo mmezuia kubandika nywila iliyonakiliwa, kwa hiyo anayetumia programu ya kutunza nywila anaandika herufi 20 kwa kidole. Baya zaidi, tovuti inapokea hizo 20 lakini kisanduku cha programu yenu ya simu kinaishia herufi 16, kimyakimya. Nywila ni sahihi na inakataliwa. Mwongozo wa NIST tulioutaja ulishauri kubandika kuruhusiwe na nywila ndefu, angalau hadi herufi 64, zikubaliwe. Mpaka mtakaporekebisha, tunawashauri wateja wasizidi 16, ushauri ambao hatufurahii kuutoa.

Fedha. Oda ikighairiwa, pesa iliyolipwa kwa simu hairudi kwenye simu. Inaingia kwenye pochi ya ndani ya akaunti. Akaunti ikifungwa, pesa imefungwa nayo. Mzigo nao hautolewi na msambazaji bila namba ya kupokelea inayoonekana ndani ya akaunti tu. Anayeshindwa kuingia siku ya mzigo kufika anaukosa, unarudishwa ghalani, na gharama ya kuurudisha inakatwa kwenye pochi asiyoweza kuiona. Malipo yarudi yalikotoka, kwa kumbukumbu ya muamala ileile. Mlipaji akitaka pochi, achague mwenyewe.

Kwa kuwa hamna mtu wa kuongea naye, wateja wanamtafuta Facebook. Huko wanakuta kurasa zenye nembo yenu na jina la "huduma kwa wateja", na anayewajibu ni tapeli. Nchi nzima inaijua "ile hela tuma kwenye namba hii"; ya sasa ni "nisomee namba iliyoingia kwenye simu yako tukufungulie". Ujumbe wenu wa uthibitisho hauna onyo lolote. Andikeni kwamba tarakimu hizi asipewe mtu yeyote, hata mfanyakazi wenu. Namba za matapeli tunawaelekeza wateja wazitume 15040, lakini akaunti iliyochukuliwa haiwezi kurudishwa na yeyote isipokuwa nyinyi.

Tunachodai kwanza, kabla ya marekebisho mengine yote, ni mlango wenye mtu. Fomu moja isiyohitaji kuingia kwenye akaunti, ikiuliza barua pepe iliyothibitishwa, namba za oda mbili zilizopita, kumbukumbu ya muamala wa malipo na eneo mizigo ilikopelekwa. Mfanyakazi azilinganishe. Ombi litangazwe kwenye barua pepe na namba ya zamani, zipite saa 72 bila pingamizi, ndipo namba ibadilishwe. Msiombe picha ya kitambulisho cha NIDA kwa WhatsApp kama baadhi ya mawakala wenu wanavyofanya. Ikilazimu, ipakiwe kwenye tovuti yenu, na ifutwe shauri likiisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake na kutaka zirekebishwe. Namba ya simu ya zamani ni taarifa isiyo sahihi, na mfumo unaozuia kuirekebisha unamnyima haki hiyo. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, likitaja tarehe ya kufunguliwa kwa fomu hiyo. Tusipolipata, tutawasaidia wateja walioathirika kupeleka malalamiko yao Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tumeambatisha picha za skrini za kila hatua, kwa mpangilio wa barua hii, majina na namba za wateja zikiwa zimefichwa. Picha ya nne ndiyo ya mzunguko wa "Sina tena namba hii". Tungeshauri mwanze na hiyo.

Wenu,
Mafundi simu na wahudumu wa vibanda vya intaneti, Kariakoo.