Bolti ya oili imelika kichwa? Weka spana chini kwanza

Simu za bolti iliyolika kichwa huja gerejini kwetu zaidi wikendi. Mtu amenunua oili yake, ameingia chini ya gari uani kwake, spana ikateleza mara ya kwanza, akakazana, na sasa bolti ya kumwagia oili imekuwa duara. Kama ndipo ulipofika, tunakuomba uache hapo hapo. Bolti iliyoteleza kidogo ni kazi ndogo. Ile iliyopigwa tindo hadi sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka ni kazi nyingine, na bei yake pia ni nyingine.

Na tafadhali toka chini ya gari ikiwa halikukaa juu ya stendi. Tunayakuta magari yameegemezwa kwenye mawe ya matumbawe. Jiwe hilo ni zuri la kujengea ukuta, lakini uzito wa gari ukilikalia sehemu moja linaweza kupasuka ghafla. Jeki peke yake nayo haitoshi.

Hapa Malindi chumvi ina sehemu yake. Gari likilala karibu na ufuo, kutu hula kichwa cha bolti mpaka spana ya milimita 14, inayotumika kwa Toyota nyingi zikiwemo Probox, inapwaya. Hata hivyo, mara nyingi tatizo lilianza siku bolti ilipofungwa mara ya mwisho. Kwa injini ya Toyota ya 1NZ inatakiwa nguvu ya kukazia ya kama Nm 37 (nyutoni mita) tu, ambayo mkono mmoja unaifikia kwa spana ya kawaida. Lakini washa kuukuu, ile pete ya kuziba chini ya kichwa cha bolti, inarudishwa, oili inavuja, fundi anachomeka bomba kwenye spana ili akaze zaidi. Wengine pia hukaza wakidhani wanafungua, kwa sababu wanaipigia hesabu kutoka juu. Kinyume cha saa ni pale unapokitazama kichwa cha bolti chenyewe.

Sisi tunaanza kwa kukisugua kichwa kwa brashi ya waya, kisha tunatia soketi ya pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili hushika kwenye ncha tu, na ncha ndizo zilizokwisha. Ikiteleza, tunapigilia soketi ya 13 kwa nyundo, taratibu, mpaka ing'ate. Tunazo pia soketi maalumu zenye meno ya mzunguko ndani. Kadiri unavyofungua ndivyo zinavyozidi kuuma, na bolti nyingi hutoka hapo. Ikigoma kabisa, tunachomelea nati juu ya kichwa, na joto lenyewe husaidia kuilegeza. Kabla ya hapo oili hufyonzwa kupitia tundu la dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, na betri hukatwa. Hiyo usiijaribu nyumbani.

Kuna nyingine inazunguka tu na haitoki, kichwa kikiwa kizima. Hapo zilizokufa ni nyuzi, yaani mikato ya kujifungia ya bolti au ya tundu lake. Mmoja hupenyeza bisibisi bapa nyuma ya kichwa na kuisukuma nje, mwenzake akizungusha. Ikitoka, tunaangalia sampu: ya aluminiamu tunaitoboa na kuitia uzi mpya wa chuma, ya bati mara nyingi ni nafuu kuibadilisha. Kuna bolti nene zinazojikatia uzi zenyewe. Hatuzipendi, kwa sababu huacha vumbi la chuma ndani ya sampu na huweza kuingia upande. Tunazitia tu kwa mteja mwenye safari ya lazima, naye tumemweleza kwamba sampu bado inadai matengenezo.

Oili chafu usiimwage uani. Mchanga wetu huinyonya upesi, na visima viko karibu. Ikusanye kwenye mtungi utuletee.

Ikiwa bolti haijatoka na haivuji, oili ya zamani bado imo ndani. Pima kwa dipstiki. Ikiwa kiwango ni sawa, gari linaweza kuendeshwa polepole hadi gerejini. Ikiwa inadondoka, usiwashe injini, tutakuja sisi, hata kama uko Mambrui au Watamu. Tutumie picha ya bolti kwa simu na utuambie aina ya gari, tuje na bolti na washa mpya zinazolingana. Bei tunakutajia kabla ya kuanza kazi.