“Hitilafu ya umeme” haitoshi, tuelezeni kihami kilikufaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalonikera kila nisomapo habari za moto. Nyumba imeungua, ghala limeteketea, na habari inamalizikia palepale: chanzo ni hitilafu ya umeme. Ukifungua ukurasa wa sayansi wa gazeti hilohilo, unaambiwa kihami ni kitu kisichopitisha umeme, basi. Kama hakipitishi, moto ulitoka wapi?

Kazi yangu ni kusuka mota. Kopa, yaani shaba ya nyaya, naishika kutwa nzima, lakini ni nadra kopa yenyewe kuharibika. Mota inaletwa kwangu kwa sababu ya vile vinavyoizunguka kopa: ngozi nyembamba ya varnishi juu ya waya, na karatasi iliyotandikwa kwenye mifereji ya stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka. Hivyo ndivyo vihami, na ndivyo vinavyokufa.

Wengi wanadhani kihami hakina elektroni. Kinazo tele. Katika kopa, baadhi ya elektroni si za atomu yoyote, zinazurura ndani ya metali yote. Katika kihami kila elektroni imefungwa mahali pake, na ili iwe huru lazima iruke pengo la nishati. Katika almasi pengo hilo ni kama elektronivolti 5.5 (kipimo cha nishati ya elektroni), katika silikoni ni 1.1 tu, ilhali joto la kawaida la chumba huipa elektroni wastani wa kama 0.025. Kwa hiyo katika almasi safi karibu hakuna inayoruka. Plastiki na varnishi tunazotumia mafundi nazo zina pengo pana, ila hazina usafi wa almasi: unyevu, uchafu na ayoni (atomu zenye chaji) zilizobaki tangu kiwandani hupenyeza umeme kidogo. Kila kihami kinavuja. Ndiyo maana tuna mega, kifaa kinachosukuma volti 500 za mkondo mnyoofu na kusoma kiasi kinachovuja. Kwa saketi za kawaida za majumbani, kiwango cha chini cha ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) kinachokubalika kimataifa ni megaomu 1, yaani kwa volti hizo 500 inaruhusiwa kuvuja hadi nusu ya miliampea.

Sasa washa joto. Kopa ikipata moto ukinzani wake hupanda, takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kihami hufanya kinyume: ukinzani wake hushuka, na kwa makadirio ya mafundi hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Hapo ndipo hatari ilipo. Kihami kikivuja kinapata joto, kikipata joto kinavuja zaidi, na kama joto halina pa kutokea, kinatoboka.

Kuna kutoboka kwa namna nyingine, kwa nguvu ya uga wa umeme wenyewe, yaani msukumo wa volti ndani ya unene wa kihami. Hewa huachia cheche kwenye volti kama 3,000 kwa kila milimita. Plastiki nzuri huhimili mara kadhaa ya hapo, na ulanga, lile jiwe linalobanduka kama karatasi, huhimili zaidi ya volti 100,000 kwa milimita hiyohiyo. Lakini hesabu hiyo ni ya kihami kisicho na dosari. Chukua koili ya mota kubwa ya maelfu ya volti, ambayo varnishi yake haikupenya vizuri ikaacha kiputo cha hewa ndani. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alionyesha mwaka 1837 kwamba kihami hakikai tu kimya ndani ya uga: chaji zake husogea kidogo bila kuachana, chanya huku na hasi kule, na msogeo huo hupunguza uga ndani yake. Hewa ya kwenye kiputo haisogei hivyo, kwa hiyo kiputo kilicho bapa hubeba uga mara 3 au 4 ya ule wa varnishi inayokizunguka. Pale palipo dhaifu kuliko kote ndipo panapobebeshwa mzigo mkubwa kuliko kote. Cheche ndogo hulipuka humo kila wimbi la umeme linapopita, na kila moja hula ukuta kidogo. Ukipasua koili ya namna hiyo unaona vijishimo, na kutoka kwenye vijishimo njia nyeusi zenye matawi kama mizizi, nyembamba kuliko unywele, zikielekea kwenye chuma cha stata.

Weusi huo wauogope hata wasio na mota. Plastiki ikiungua huacha kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Soketi iliyolegea, yenye vumbi na unyevu, huanza kwa kuvujisha mkondo mdogo juu ya uso wake. Mkondo huo huunguza kijistari, kijistari kinapitisha zaidi, na siku hiyo fyuzi haioni chochote kwa sababu mkondo bado ni mdogo kuliko kiwango chake.

Na hata bila kiputo wala vumbi, kihami huzeeka. Mhandisi Montsinger aliandika mwaka 1930, akichunguza karatasi ya transfoma, kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi 8 hivi, maisha ya kihami hukatika nusu. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC umeundwa kwa joto lisilozidi nyuzi 70. Mtu akiunganisha jiko na pasi kwenye waya mwembamba, waya ukafika 90 kila jioni, hakuna kitakacholipuka wiki hiyo. Ganda litakauka, litapasuka, na moto utakuja baada ya miaka, wakati aliyeunganisha keshasahau.

Ombi langu kwa waandishi wako ni hili: mkifika penye moto, ulizeni. Waya ulikuwa na unene gani, na ulibebeshwa nini? Ulikuwa na umri gani? Kuna weusi kwenye soketi za vyumba ambavyo havikuungua? Na saketi zilizobaki zimepimwa kwa mega zikasoma ngapi? Kipimo hicho huchukua kama dakika moja kwa kila saketi.

Fundi wa kusuka mota, msomaji wenu