Orodha isomwe barazani kabla lori halijashusha magunia

Mhariri,

Ukame ukiingia Ganze, Magarini, Kinango au Tana River, huku Pwani ya Kenya, malalamiko huwa yale yale: chakula cha msaada kimepewa wasiostahili. Lawama humwangukia chifu, na pengine anastahili. Lakini dhuluma nyingi huanza kabla lori halijafika, kwenye karatasi ya majina, kisha humaliziwa kwenye kopo la kupimia.

Orodha kwanza. Baraza huitwa, wananchi wakachagua kamati ya msaada, nusu yake wanawake. Vigezo hukubaliwa hadharani: mjane asiye na mifugo, wazee wanaolea wajukuu, nyumba yenye mtoto aliyepimwa mkono zahanati na kuonekana ana utapiamlo. Majina huandikwa, kisha husomwa kwa sauti mbele ya watu ili wapinge au waongeze. Hatua hii ya kusoma ndiyo inayorukwa mara nyingi. Tuseme kijiji kimetengewa nafasi 40 na nyumba zenye njaa ni 110. Nani atathubutu kuyasoma majina hayo 40? Basi orodha hufichwa, au chakula hugawanywa nyumba kwa nyumba, sawa kwa sawa, wazee wawili wakapata kiasi kile kile cha familia ya watu kumi. Hatuwalaumu majirani wanaogawana. Walioweka idadi bila kueleza waliifikiaje ndio wa kuulizwa.

Halafu kuna walioachwa kimyakimya: asiye na kitambulisho, mfugaji aliyehama na ng'ombe wiki ile ya kuandikisha, mke wa pili aliyehesabiwa ndani ya nyumba ya mke wa kwanza, na bibi ambaye alama za vidole zimefutika kwa jembe, mashine ikamkataa. Kila mmoja wao anahitaji njia mbadala iliyoandikwa mapema, kwa mfano mtu anayemwamini wa kumpokelea, jina lake likisomwa barazani pamoja na la mwenyewe.

Sasa kipimo. Kigezo cha kimataifa cha kupanga mgao ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na gramu 400 za mahindi hutoa kama theluthi mbili ya hizo. Zinazobaki ni za maharagwe na mafuta. Kwa mahindi pekee, familia ya watu sita yahitaji kilo 72 kwa mwezi. Gorogoro moja, yaani kopo la kupimia nafaka, iliyosawazishwa huingia takriban kilo 2.25, kwa hiyo ni gorogoro 32. Kopo likibonyezwa kitako likapoteza gramu 150 tu, familia hiyo inapungukiwa kilo 4.8, chakula cha siku mbili. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kinachojazwa ni kibaba cha mwingine. Dawa yake ni mizani ya kuning'iniza, nayo ikaguliwe asubuhi mbele ya watu: beli la unga wa dukani, pakiti 12 za kilo 2, lisomeke 24 na ziada ndogo ya karatasi. Ubaoni paandikwe kwa Kiswahili magunia yaliyofika, kilo za kila mtu, na kwamba hakuna anayelipishwa nauli ya lori wala upakuzi. Mifuko mitupu nayo ihesabiwe, maana huuzwa.

Malalamiko yasipokewe na kamati ile ile iliyogawa. Nambari ya simu ya bure ni nzuri pale penye mtandao. Pasipo na mtandao, liwekwe dawati siku ya ugavi, chini ya mtu asiye wa kijiji hicho, naye atoe karatasi yenye nambari na tarehe ya kurudi na jibu. Sanduku la maoni halitoshi kwa mtu asiyejua kuandika.

Wananchi pia wana sheria mkononi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka afisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21, au saa 48 habari hiyo ikihusu uhai wa mtu. Ikikataa, mwombaji huenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya afisi za umma. Anayeomba orodha ya mgao na hati ya mzigo uliotoka ghalani aandike waziwazi kwamba anaomba chini ya hizo saa 48, kwa kuwa siku 21 zikiisha magunia yatakuwa yameshaliwa.

Wafuatiliaji wa ugavi wa chakula,
Kilifi