Dada, zile mbao si za karo

Malmö, Uswidi

Kwako Dada Zuhura,

Shikamoo dada. Ama baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Usicheke kuona nimerudi kwenye barua. Sauti nikikutumia unaifungua hapo barazani, spika juu, na kabla haijafika katikati Baba Mdogo ameshajibu. Hii isome peke yako kwanza. Mama msomee yale utakayoona yanafaa.

Picha aliyonitumia Mwajuma nimeipata. Nimeikuza, nikaizungusha, nikaikuza tena. Ule ubao uliosimamishwa pembeni ya karo la choo kuzuia zege, ule wenye upande mmoja uliokatwa upinde, una maandishi ya wino mweusi kwenye kona: KUSHOTO 2. Huo ni mwandiko wa mdogo wetu Idi. Alikuwa anauandika tukiwa kwenye simu ya video, kauma ulimi kama anafanya mtihani. Ule ni ubavu wa rampu, dada, ile ya kuta zilizopinda ya kutelezea sketibodi. Na Baba Mdogo kaumwagia zege.

Najua huko hadithi imeshakuwa nyingine. Eti mbao zilikuwa zinanyeshewa bure, zinaliwa na mchwa, heri zifanye kazi. Zinanyeshewa wapi? Zilikuwa juu ya matofali, zimepakwa oili chafu chini kote, zimefunikwa turubai. Ile laki sita niliituma baada ya Idi el-Haji kwa jina lako, ukamkabidhi mdogo wako mkononi mbele ya Mama, na Mama mwenyewe akasema afadhali wacheze kwenye kiwanja kuliko kuteleza Kilwa Road katikati ya malori. Leo hakuna anayekumbuka. Halafu juzi Baba Mdogo ananipigia, sauti ya upole kabisa, ananiita "baba", anaomba hela ya mbao za kupaulia vile vyumba vyake vya kupangisha. Mbao! Nikasingizia mtandao, nikakata.

Ngoja nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza vizuri, ili ujue kwa nini limenikaa rohoni. Huku tumejenga rampu. Mimi, Jonas, Pawel na yule Mkongo wangu Dieudonné, ndani ya ghala la viazi la bibi yake Jonas, nje ya mji. Si karampu ka watoto. Kimo mita 1.8, upana mita 4.88, yaani plaiwudi nne zikipangwa ubavu kwa ubavu, na kutoka mwisho wa jukwaa la huku hadi mwisho wa jukwaa la kule ni kama mita kumi. Ukisimama pale juu mara ya kwanza, magoti yanakuuliza umefuata nini. Kiangazi huku jua linazama karibu na saa nne usiku, basi tukitoka kazini tunakwenda moja kwa moja ghalani. (Kazi ipo, namshukuru Mungu. Mgongo tu.)

Siku ya kukata mbavu Jonas alileta mchoro aliotoa kwenye kompyuta, makaratasi kibao yameungwa kwa gamu. Ghala lina unyevu, makaratasi yakajikunja, mstari ukawa unapanda na kushuka. Nikawaambia kaeni pembeni. Nikalaza plaiwudi mbili sakafuni, kwa sababu kimo cha mita 1.8 hakiingii kwenye plaiwudi moja yenye upana wa 1.22. Nikapigilia msumari umbali wa mita 2.4, nikachukua ufito mwembamba, tundu huku, penseli kule, nikazungusha. Kamba sikutumia. Kamba inavutika, unajua nani alikuwa anasema hivyo. Tao likatoka safi kwa mkono mmoja. Unakumbuka Baba alivyochora tao la ule mlango wa msikiti pale Keko, mimi na wewe tumepewa kazi ya kukanyaga ubao usicheze? Ni kile kile, ila hili limelala chali. Wenzangu wakanyamaza. Pawel akauliza nimesomea chuo gani. Nikamwambia Keko.

Mbavu zikishasimama, unazifunga kwa mbao za mbili kwa nne kila baada ya sentimita 20. Ukiachia nafasi kubwa zaidi plaiwudi inabonyea pale mtu anapotua na uzito wake wote. Juu yake unapiga plaiwudi za milimita 9, mbili, moja juu ya nyingine, viungo visikutane. Fundi asiyejua atakwambia weka moja nene yaishe. Nene haipindi, inapasuka. Hata hiyo ya milimita 9 ikigoma unaimwagia maji mgongoni, unaipa muda, inalegea. Skrubu zote vichwa vizame, maana kichwa kimoja kikitokeza kinachana ngozi ya mtu. Ukingoni linakaa bomba la chuma la milimita 60, nalo litokeze kidogo sana, karibu sentimita moja. Likizama, gurudumu halilisikii. Likizidi, linakurusha. Kati ya kuta mbili tuliacha uwanja bapa wa mita tatu ili mtu apate nafasi ya kupanga miguu kabla ya ukuta wa pili haujamfikia.

Nakuchosha, najua. Lakini Baba Mdogo akisema kwenye kikao cha ukoo "ni mbao tu", uwe na la kumjibu. Mbao tu unaweza kuchukua moja ukaacha nyingine. Rampu ukiitoa ubavu mmoja imekufa.

Ya Idi tuliipanga ndogo makusudi, kwa kufuata mfuko. Kimo mita 1.2, tao la mita 2.1, hapo kila ubavu unatoka kwenye plaiwudi moja bila kuunga. Mbao za paini za Mafinga walizifuata Buguruni, wakabeba kwa guta. Uso wa juu marini bodi, kwa vile ni laini na hainywi maji upesi. Bomba walilipata Gerezani kwa fundi anayefahamiana na baba yake Sudi. Na huyu Idi mnayemwita mvivu alizikata mbavu zote sita mwenyewe, kisha akazibana pamoja kwa jiliwa la Baba akazipiga msasa kwa mpigo ili zilingane. Hilo sikumfundisha mimi. Nilimwona anafanya, nikakaa kimya nisimharibie.

Tena tulikubaliana iwe ya nati na bolti, ifunguke vipande vipande. Kule Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana walijenga uwanja wao kwa saruji mwaka 2006, kwa mikono yao, na Idi alitaka hivyo hivyo. Nikamkatalia. Nikamwambia kile kiwanja cha Toangoma hakijagawanywa, hatutaki mtu aje kusema umejenga kitu cha kudumu kwenye kiwanja cha urithi. Basi hiyo heshima yetu ndiyo iliyomrahisishia kazi Baba Mdogo. Spana moja, asubuhi moja, kwisha.

Sasa nauliza, na nataka uulize kwa sauti siku ya kikao: karo la choo nalo linafunguka kwa spana? Kwenye arobaini ya Baba mimi nilikuwa kwenye simu, mmeniweka juu ya kabati, nikasikia kila neno. Aliyesema "kiwanja kisiguswe mpaka watoto wote wakae" ni yeye, si mwingine, na mashehe wakaitikia. Leo kuna msingi wa vyumba vitatu, kuna karo, kuna dalali anapitisha wapangaji kwenye kitu ambacho hakijaezekwa. Vijana wanne na ubao wa magurudumu ndio wavamizi!

Na hili la "mchezo wa wahuni" mwambie aliache. Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa 2021, ndiyo mara ya kwanza sketibodi kuingia, na mmoja wa waliobeba dhahabu alikuwa msichana wa Kijapani wa miaka 13, Momiji Nishiya. Rika la Nasra huyo. Hapa Malmö ipo sekondari, Bryggeriet, sketibodi ni somo kwenye ratiba, linakaa pamoja na hesabu. Atasema hayo mambo ya Wazungu. Mwulize mpira wa miguu ulianzia Rufiji? Mbona Yanga ikicheza hapatikani.

Huku sasa ni Desemba. Saa kumi kasorobo alasiri jua limeshazama, na hata likiwepo halina kazi. Naandika huku nakula wali wa nazi ya kopo, usiniulize ladha yake. Huko embe dodo zitakuwa zimejaa mpaka mnagawa, na ule mwembe wa Toangoma najua umeshaangusha, Mama anawakemea watoto wa jirani na huku anawajazia mifuko. Juzi Dieudonné aliweka muziki ghalani, dansi la zamani, lile Baba alilokuwa analiachia redioni Ijumaa akimalizia kabati la mtu. Nikatoka nje nikajifanya naangalia gari. Baridi ikanirudisha ndani upesi, na vizuri, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na wageni wametoka Copenhagen, wamevuka lile daraja refu kuja kuteleza kwenye rampu yetu. Mmoja aliinama akapitisha kiganja pale plaiwudi mbili zinapokutana, akatafuta kiungo, hakukisikia. Akauliza nani seremala. Wote wakaninyooshea kidole. Nilitamani ungekuwepo uone, maana wewe ndiye uliyekuwa unaniambia sitaweza hata kupiga msumari ukanyooka.

Turudi kwenye hela. Ada ya Nasra nimeshatuma, ipo kwenye simu yako tangu jana, na dawa za Mama zimo humo humo, usiniambie hujaona. Ya kupaua vyumba situmi. Usinitetee kwa kusema sina, sema sitaki, mpaka kiwanja kigawanywe mbele ya watu. Na usiogope kwamba nitaonekana mtoto mkaidi. Ukaidi wangu ukoo mzima unaujua toka nikiwa na kaptula.

Mwajuma anasema mbavu nne zipo nyuma ya banda la kuku na mbili ndizo zilizosimamishwa karoni. Hizo mbili zege likikauka zinatoka, zimechafuka tu, fundi azigonge taratibu kwa upande usio na upinde. Marini bodi zilizolala chini ya zege nimezisamehe. Nitalipia nyingine mbili, ila nitamlipa mwenye duka Buguruni moja kwa moja, hela isipite barazani. Kuhusu bomba, nasikia limeegeshwa mlangoni kwa Baba Mdogo. Lile lisiuzwe. Wale wa chuma chakavu wanapita kila asubuhi na mizani yao, na yeye hawezi kumwona mtu ana mizani akamwacha aende mikono mitupu. Mtume Sudi akalichukue leo, asingoje kikao.

Idi hapokei simu yangu. Nimesikia anashinda kwa kina Sudi na nyumbani anakuja kulala tu. Usimfokee. Mpe simu yako mkononi Jumapili baada ya adhuhuri, mimi nitapiga. Nataka apime upya upande wa mwembe, mita nane na sentimita 65 kwa urefu, upana hata mita tatu zinatosha, na anipigie picha futi ikiwa imelazwa chini nione namba. Akisema "inatosha, kaka" bila picha, sitaki. Vyumba vya Baba Mdogo vikiwa vimeshafika hapo, nataka kujua kabla ya Jumamosi ya kikao.

Nisalimie Mama, mwambie lile koti alilonishonea navaa ndani ya koti jingine. Msalimie Mwajuma, macho yake yamefanya kazi kuliko mdomo wa mtu yeyote hapo nyumbani. Mama Sudi mwambie vitenge vyake nimevikumbuka, nitalipa mwezi huu. Na Baba Mdogo mfikishie shikamoo yake.

Wasalaam,
mdogo wako Hamisi.

N.B. Viatu vya Nasra ni namba 36 au 37? Mama kasema hii, Mwajuma kasema ile, na duka huku halirudishi wakishavikanyagia.